Maswali na Majibu: Eko na Mishipa Inayolisha Moyo

Toleo lililopita tulieleza matundu ya moyo kwa watoto na jinsi eko, yaani altrasaundi ya moyo, inavyoyaonyesha. Barua zilizotufikia kutoka Kigoma na Tabora zimekwenda mbele zaidi. Zinauliza kuhusu mishipa ya koronari, ile midogo inayoulisha moyo wenyewe, pale inapoumbika vibaya tangu tumboni mwa mama. Magonjwa haya hupitwa kirahisi, maana mishipa hiyo haionekani mpaka mpimaji aitafute kwa makusudi.

Mama, Kasulu: *Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 3 na nusu. Tangu alipofikisha miezi 2, akinyonya anatoka jasho kichwani, anaachia titi, analia kama mwenye msokoto wa tumbo, kisha anapauka. Ametibiwa nimonia mara 2. X-ray ikaonyesha moyo mkubwa. Akafanyiwa eko, wakasema msuli wa moyo umedhoofika na sababu haijulikani. Anatumia dawa ya kupunguza maji. Je, hakuna kingine cha kutazama?*

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Kipo cha kutazama, na kitazamwe wiki hii, kisisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Moyo hulishwa na mishipa 2 mikuu ya koronari, wa kulia na wa kushoto. Yote huchipuka kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, juu kidogo ya valvu yake. Kwa watoto wachache sana, takriban 1 katika 300,000 wanaozaliwa, ule wa kushoto huchipuka kwenye mshipa mkubwa wa mapafu. Hospitalini hali hii huitwa ALCAPA, na dalili zake zimeelezwa na madaktari tangu 1933. Ni nadra, lakini nchi yetu huzaa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo wapo kila mwaka, na ni rahisi sana kuandikiwa nimonia kwa sababu wanahema haraka na mbavu zinabonyea.

Umri wa mwanao ndio unaotushtua. Mtoto akiwa tumboni, na katika wiki za mwanzo za maisha, presha ya mshipa wa mapafu iko juu, hivyo damu inasukumwa mpaka kwenye msuli wa moyo hata kama mshipa umechipuka pasipo pake. Presha hiyo ikishuka, kwa kawaida ndani ya miezi 2 ya kwanza, damu hugeuza njia. Hutoka mshipa wa kulia, hupita kwenye vijia vya kuunganisha, huingia wa kushoto na kuishia kwenye mshipa wa mapafu, kama maji yanavyofuata mteremko. Upande wa kushoto wa moyo unabaki na njaa. Kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa mtoto wa umri huo, ndiyo sababu dalili zinajitokeza akiwa kwenye titi. Kilio kile kinaweza kuwa maumivu ya moyo, wala si tumbo.

Hatusemi mwanao anao ugonjwa huu. Msuli wa moyo hudhoofika pia kwa maambukizi ya virusi na kwa sababu nyingine. Tunachosema, na tunakisimamia, ni kwamba mtoto mchanga asiandikiwe "msuli dhaifu, sababu haijulikani" kabla vyanzo vya mishipa yote 2 ya koronari havijaonekana vikitoka kwenye aota. Soma ripoti uliyopewa, au mwombe anayekuhudumia akusomee. Ikiwa haikutaja koronari kabisa, swali lako halijajibiwa bado.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ukiwa na kadi ya kliniki, filamu ya X-ray na ripoti ya eko, uombe mambo 2: ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na rufaa kwa daktari bingwa wa moyo wa watoto ikiwa na maneno "chanzo cha koronari ya kushoto hakijaonekana". Maneno hayo yaandikwe kwenye fomu, maana ndiyo yatakayomfanya mpimaji wa huko atafute. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kama gharama inakukwaza, anza na ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kabla ya kusafiri, kwa sababu barua yao hufanya kazi vizuri ikitangulia kuliko ikifuata.

Usiache dawa ya kupunguza maji kwa sababu ya haya uliyosoma. Mwanao akipata homa au kuharisha, mwambie mhudumu wa zahanati kabla dripu haijawekwa kwamba moyo wa mtoto ni dhaifu. Maji mengi yakiingizwa kwa kasi yanaweza kumzidia usiku huo huo.

Ukweli wa ugonjwa wenyewe ni huu: watoto wengi wenye ALCAPA wasiofanyiwa upasuaji hawafikishi mwaka mmoja. Upasuaji huuhamisha mshipa na kuupandikiza kwenye aota. Msuli uliokuwa na njaa, ukipata damu, kwa kawaida hurudisha nguvu ndani ya miezi kadhaa. Ndiyo maana tunakuharakisha.

Tabibu na mpimaji, Urambo: *Tunayo mashine yenye Doppler ya rangi na probu ya watoto. Matundu nayaona vizuri, ila koronari zinanipotea. Naomba hatua kamili, na makosa ya kuepuka.*

Kaka, tunalijibu swali lako kwa urefu, maana huku wilayani ndiko mtoto anakoonekana kwanza.

Anza na mtoto mwenyewe. Anayelia hapimiki. Mpime akiwa ameshiba, amelala ubavu wa kushoto kidogo, mama akiwa karibu. Usimpe dawa ya usingizi mtoto mwenye moyo dhaifu mahali pasipo na mtu wa kulinda njia ya hewa. Ni afadhali umsubiri asinzie mwenyewe. Unganisha waya za ECG za mashine, kwa sababu bila hizo hutajua damu unayoiona inapita moyo ukibana au ukilegea, na kwa koronari hilo ni nusu ya kipimo.

Kisha irekebishe mashine, kwani mipangilio ya matundu haifai hapa. Koronari ya mtoto mchanga ina upana wa milimita 1 hadi 2. Tumia probu (kile kishikio kinachowekwa kifuani) ya megahezi 8 hadi 12 kwa mchanga, na 5 hadi 8 kwa mtoto mkubwa kidogo. Punguza kina mpaka mzizi wa aota ujaze kioo, finya upana wa picha ili idadi ya picha kwa sekunde ipande, na weka fokasi kwenye mzizi wenyewe. Geini, yaani nguvu ya mwangaza wa picha, ishuke. Wapimaji wengi huipandisha wakidhani wataona zaidi, kumbe weupe unafurika na kuziba uwazi wa mshipa. Kwenye rangi, yaani Doppler inayoonyesha damu inakoelekea, shusha kikomo cha kasi, yaani Nyquist, hadi kati ya sentimita 20 na 40 kwa sekunde. Ukikiacha kwenye 80 au 90, kama ulivyokuwa ukitazama valvu, damu ya koronari haitapaka rangi hata mshipa ukiwa mbele yako.

Dirisha la kwanza ni kando ya mfupa wa kifua, picha ya kukata aota kwa upana, valvu ikiwa katikati. Itazame kama uso wa saa. Koronari ya kushoto huchipuka kati ya namba 3 na namba 5 za uso huo, ya kulia karibu na namba 10 au 11. Haziko kwenye bapa moja. Ya kulia mara nyingi huanza juu zaidi, hivyo inamisha probu kidogo kuelekea kichwani, huku ukiizungusha nyuzi chache tu kwa kila jaribio. Ya kushoto ifuate mpaka igawanyike. Tawi la mbele linakuja upande wa probu na kushuka kati ya chemba 2 za chini, na tawi la mzunguko linapinda kwenda nyuma ya moyo. Usipouona mgawanyiko huo, usiandike kwamba umeiona koronari ya kushoto.

Hapa ndipo panapodanganya. Kuna mkunjo wa utando wa moyo unaopita kati ya aota na mshipa wa mapafu, na ukikatwa vibaya unafanana kabisa na mshipa unaoingia aota. Tena ukuta mwembamba wa aota ukiwa sambamba na mawimbi ya sauti hupotea kwenye picha, halafu mshipa unaopita jirani tu unaonekana kama umeungana nao. Kwa makosa haya 2, mtoto mwenye ALCAPA huandikiwa "koronari za kawaida". Dawa yake ni rangi. Damu lazima ionekane ikitoka aota na kuingia kwenye mshipa, hasa moyo unapolegea. Katika tawi la mbele, damu ya kawaida inaijia probu, kwa hiyo kwa mpangilio wa kawaida wa mashine huwa nyekundu. Ikiwa ya bluu, yaani inarudi nyuma kuelekea shina, simama hapo hapo. Thibitisha kwa Doppler ya pigo, ile inayopima mwendo wa damu mahali pamoja ulipopachagua, kwa sababu rangi inaweza kugeuka kutokana na kikomo kilichowekwa chini mno.

Kuna vielelezo vingine vinavyokuita hata kabla hujakifikia chanzo: chemba ya kushoto ya chini iliyopanuka na kusinyaa kwa unyonge, valvu ya mitrali (iliyo kati ya chemba 2 za kushoto) inayovuja, misuli inayoishikilia valvu hiyo ikiwa myeupe kupita kiasi, koronari ya kulia iliyonenepa, vijito vya rangi ndani ya ukuta kati ya chemba 2 za chini, ambavyo mpimaji asiyevijua huviandika kuwa vitundu vingi vidogo, na mwishoni kijito kinachoingia kwenye mshipa wa mapafu moyo ukilegea. Ukikiona kijito hiki cha mwisho peke yake kwa mtoto mwenye nguvu, fikiria pia fistula ndogo ya koronari, yaani kijia kisicho cha kawaida kinachotoka kwenye koronari, au mrija wa kabla ya kuzaliwa ambao haujafunga. Mrija huo humwaga damu mahali penye matawi ya mshipa wa mapafu, na mtiririko wake kwa kawaida hauishii wakati wa kulegea tu. Kwenye ECG, tafuta mawimbi ya Q (yale ya kwanza yanayoshuka chini) yenye kina katika michoro ya I, aVL, V5 na V6. Milimita 3 au zaidi katika aVL inatosha kukutia wasiwasi, lakini ECG isiyo na Q haimwondoi mtoto kwenye orodha.

Kuna mtego wa umri pia. Mtoto wa siku 5 mwenye ALCAPA anaweza kuwa na msuli wenye nguvu na damu inayokwenda mbele kama kawaida, kwa kuwa presha ya mapafu bado haijashuka. Kumbe eko nzuri ya siku ya 5 haijibu swali la mwezi wa 3. Mrudie.

Ukipima upana, pima kutoka ukingo wa ndani hadi wa ndani, mbali na mdomo wa mshipa na mbali na mgawanyiko. Milimita peke yake haina maana bila ukubwa wa mwili. Zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa kilo 5 na sentimita 58 hutoa mita za mraba 0.28. Daktari bingwa atatumia namba hiyo kupata alama ya z, inayolinganisha mshipa na wa watoto wenye mwili wa ukubwa huo, na kuanzia +2 kwenda juu mshipa huhesabiwa kuwa umepanuka. Ukiwa umepanuka, muulize mama kama mtoto alipata homa ya siku 5 au zaidi pamoja na macho mekundu, midomo iliyopasuka na vipele, maana ugonjwa wa Kawasaki nao hupanua koronari, na huo mtoto hakuzaliwa nao.

Kama huuoni mshipa, andika hivyo: "chanzo cha kushoto hakikuonekana". Sentensi hiyo ni ya heshima na imekamilika, nayo ina faida kubwa kwa mgonjwa kuliko "kawaida" ya kukisia. Hifadhi video za mapigo 3 hadi 5 kwa kila dirisha, zenye rangi na zisizo na rangi, uzipeleke kwa flashi pamoja na rufaa. Picha mgando haionyeshi damu inakoelekea. Na mtoto unayemshuku, mpe oksijeni pale kiwango chake kinapokuwa chini, si kwa mazoea. Oksijeni nyingi hushusha presha ya mapafu, na damu ya koronari inazidi kuibwa.

Mjamzito, Kaliua: *Nina wiki 24. Je, altrasaundi ya ujauzito inaweza kuonyesha kasoro hii?*

Kwa kawaida hapana, dada. Altrasaundi ya wiki 18 hadi 22 hutazama chemba 4 za moyo na mishipa mikubwa inayotoka, ila koronari za kijusi ni ndogo mno. Kipimo kizuri cha ujauzito kisikufanye upuuze jasho na kupauka wakati wa kunyonyesha.

Mzee, Sikonge: *Nina miaka 61 na kifua hunibana nikipanda baiskeli. Eko itaonyesha kama mishipa imeziba?*

Shikamoo mzee. Eko ya kifuani haionyeshi mafuta yaliyoziba koronari za mtu mzima. Huonyesha matokeo yake, yaani sehemu ya msuli isiyosinyaa vizuri, na ukiwa umepumzika hata hiyo inaweza kuwa sawa. Kifua kinachobana kwa kazi na kutulia kwa mapumziko kinahitaji ECG na daktari mapema, katika hospitali ya mkoa ya Kitete, Tabora, au hospitali iliyo jirani nawe. Kikibana bila kuachia, usisubiri asubuhi.

Baba, Nzega: *Binti yangu wa miaka 2 ana midomo ya bluu. Wamesema ni tetralojia ya Fallot na anahitaji upasuaji. Sasa wanataka kurudia eko "kuangalia koronari". Kama ugonjwa unajulikana, kwa nini tena?*

Swali la haki, na waliokuambia wako sahihi. Katika tetralojia, ambayo ni kasoro ya moyo ya kuzaliwa, njia ya kutoka chemba ya kulia kwenda mapafuni ni nyembamba, na mara nyingi mpasuaji huipanua kwa kuichana na kushonea kiraka. Kwa takriban watoto 5 katika 100 wenye ugonjwa huu, tawi la mbele la koronari linatoka upande wa kulia na kuvuka mbele ya njia hiyo hiyo, mahali kisu kinapotaka kupita. Likikatwa, sehemu kubwa ya msuli wa kushoto inakosa damu mezani pale pale. Likijulikana mapema, mpasuaji hubadilisha mpango, kwa mfano kwa kuweka bomba la kupita pembeni. Mpimaji atalitafuta kwa dirisha la kando ya mfupa wa kifua, juu ya valvu ya aota, na asiporidhika ataomba CT, yaani picha za eksirei za vipande vya mwili, yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Kubali kipimo hicho. Binti akibluu ghafla na kuhema kwa nguvu mkiwa nyumbani, mkunjie magoti kifuani, mtulize, na mkimbieni hospitali.

Mwalimu wa michezo, Ujiji: *Mchezaji wangu wa miaka 15 alianguka akikimbia, akazimia kama dakika 1, akaamka. Malaria hakuna, damu inatosha, ECG wamesema nzuri. Wazazi wanauliza kama arudi uwanjani.*

Asirudi, mwalimu, mpaka koronari zake zionekane.

Kuzimia kwa kusimama juani kwenye paredi ni jambo moja. Kuzimia katikati ya mbio ni jambo jingine kabisa, na sababu mojawapo ni koronari iliyochipuka kwenye aota lakini upande usio wake. Aota ina vifuko 3 juu ya valvu. Cha kushoto kinatoa mshipa wa kushoto, cha kulia kinatoa wa kulia, na cha 3 hakitoi kitu. Mshipa wa kushoto ukianzia kifuko cha kulia, unalazimika kupita kati ya aota na mshipa wa mapafu ili ufike kwake. Mara nyingi kipande cha mwanzo hupita ndani ya ukuta wa aota wenyewe, mdomo wake ukiwa kama mpasuko mwembamba. Akikimbia, moyo unadai damu nyingi huku aota ikivimba kwa kila pigo na kuubana mpasuko huo. Akipumzika kila kitu kinarudi sawa, ndiyo maana ECG ya kitandani inaweza kuwa safi, na hata ya kwenye mashine ya kukimbilia wakati mwingine haionyeshi kitu. Huu wa kushoto ni wa hatari zaidi kuliko wa kulia unaoanzia kushoto, ingawa wa pili ndio unaopatikana mara nyingi zaidi, na kwa mtoto aliyeanguka mbioni wote 2 ni wa kuchunguzwa.

Kwa umri wake eko bado inaweza kuonyesha vyanzo, ingawa kifua kinene na mapafu hufunika. Fomu iseme: "alizimia akikimbia, tafuta chanzo na njia ya koronari zote". Mpimaji atafute mstari wa rangi unaopita ndani ya ukuta wa mbele wa aota moyo unapolegea. Na katika picha ya kukata aota kwa urefu, kiduara cha mshipa kilichokaa kati ya aota na mshipa wa mapafu ni ishara kubwa. Mpimaji atazame pia unene wa msuli wa chemba ya kushoto, maana msuli mnene wa kurithi nao huwaangusha vijana uwanjani. Waulizeni wazazi kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Koronari isipoonekana vizuri, kinachofuata ni CT ya koronari, inayopigwa kwa kufuata mapigo ya moyo. Si kila mashine ya CT inaweza, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukata tiketi ya treni.

Mshipa wa kushoto ukikutwa upande wa kulia na kupita kati ya mishipa mikubwa, wataalamu hushauri upasuaji hata kama kijana anajisikia mzima. Ukiwa wa kulia upande wa kushoto, uamuzi hutegemea dalili na majibu ya kipimo cha mazoezi, na kwa aliyezimia mbioni mizani huegemea upasuaji. Baada yake wengi hurudi michezoni, baada ya miezi kadhaa na baada ya kupimwa upya.

Kwa sasa aendelee na shule na kutembea kawaida. Mbio, mpira, kuogelea ziwani na kubeba mizigo mizito viache, hata kwa mechi moja ya kirafiki. Na wewe na wenzako jifunzeni kukandamiza kifua: mtu akianguka uwanjani, haitiki na hapumui kawaida, weka kiganja katikati ya kifua, kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara. Pokezaneni kila dakika 2, mwingine akitafuta gari, na msiache kukandamiza ili kumnywesha maji au kumpepea.